Barua kwa mwanangu: hiyo safari yako ya Mbeya na siku sita zako

Mwanangu, marahaba, sisi huku Uyole wazima kabisa, mvua za kwanza zimeshaanza kudondoka na mahindi tumeshapanda. Mkwe wangu msalimie sana.

Meseji yako nimeisoma vizuri. Umeniuliza kama mwezi wa kumi na mbili mkitoka Dar na hiyo gari yenu ndogo ya IST, wewe na mkeo na wajukuu zangu wawili, mnaweza kwa siku sita kupita Mikumi, Ruaha, Isimila, Kitulo, Ziwa Ngozi la juu mlimani, Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa na Kimondo cha Mbozi, alafu mkawa mmesharudi Dar kabla ya sikukuu. Hapana mwanangu, haiwezekani, na hata ingewezekana ningekukataza, maana hao watoto wangeijua milima yetu kwa kuiona dirishani wakiwa wamelala nusu.

Shida yako iko kwenye hesabu. Simu imekuambia Dar mpaka Mbeya ni kama kilomita 830, wewe ukagawanya kwa spidi mia ukapata masaa nane na kidogo. Nani kakuambia utatembea mia? Kila kijiji kina kibao cha hamsini na trafiki wamekaa na tochi za kupimia spidi, kuna matuta, kuna malori ya Zambia na Congo yamepangana utafikiri treni, kuna ile barabara inayokatiza katikati ya hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50 ambayo ukikimbia ukagonga mnyama faini yake utailipa mpaka ukome, na kuna mlima Kitonga. Mimi miaka yote mnasoma nilikuwa napanda mafuso ya viazi kwenda Dar kwahiyo hii barabara naijua kwa masaa, kwa kilomita siijui sana. Alafu umesahau kurudi! Siku sita zako ukitoa mbili za kuja na mbili za kurudi unabaki na siku mbili, na kwenye hizo mbili umepanga vitu vitano, hapo Mikumi na Isimila za njiani sijazihesabu.

Kwahiyo omba ruhusa kazini ufikishe siku nane. Na hata kwa hizo nane bado kuna vya kukata.

Ruaha kata. Sio kwamba ni pabaya, ni pazuri mno, ila kutoka Iringa mjini mpaka getini ni zaidi ya kilomita mia na ushee za kwenda tu, na Disemba mvua zimeanza, nyasi zinapanda, maji yapo kila mahali na wanyama wanatawanyika porini. Ruaha nendeni mwezi wa saba mpaka wa kumi, wakati wa kiangazi wanyama wote wanajikusanya mtoni. Wanyama wa kuwaonyesha watoto mtawaona Mikumi pale pale mkipita, twiga na pundamilia na nyani wanakuwa kando ya lami, endesha taratibu tu na usisimame kuwalisha. Kimondo nacho kata, kiko upande mwingine kabisa, mkoa wa Songwe huko, inabidi ushuke mteremko wa Iwambi katikati ya malori yote yanayokwenda Tunduma. Ni jiwe la chuma la tani zaidi ya kumi limetoka angani, halihami, litawasubiri.

Sasa nakupangia.

Siku ya kwanza tokeni Dar saa kumi alfajiri, lengo ni kulala Iringa, msijidanganye kufika Mbeya siku hiyo hiyo. Mkishapita Mikumi mtaingia lile bonde la mibuyu, mto Ruaha uko pembeni, hapo simameni kidogo mkeo na watoto wapige picha. Ruaha Mbuyuni kuleni, vitunguu msinunue wakati wa kuja, mtanunua mkirudi. Kutoka hapo ndo unaanza kupanda Kitonga. Kwenye kupanda kazi yako ni uvumilivu, lori linatambaa mbele yako na wewe tambaa nyuma yake ukiliachia nafasi, usi-ovateki kwenye kona hata kama konda wa lori anakupungia mkono upite, yeye hayumo kwenye gari yako. Ukiona matawi mabichi ya miti yamelazwa barabarani punguza mwendo hapo hapo, maana yake kuna lori limekufa mbele na huenda limekaa kwenye kona huwezi kuliona. Hiyo alama ni ya madereva wote, watoto nao wafundishe waitafute, watakusaidia kuangalia.

Kwenye kurudi ndo kuna hatari zaidi kwasababu unashuka. Toa gari kwenye D weka gia ya chini kabla hujaanza mteremko, hata hizi za otomatiki zinayo, iache injini ishikilie gari. Ukishuka na mguu kwenye breki kutoka juu mpaka chini zinachemka, utasikia harufu kama plastiki inaungua, na ukikanyaga unakuta pedo inazama haishiki. Ukisikia hiyo harufu tafuta pa kusimama salama, ziache zipoe. Kabla hamjatoka Dar fundi afungue matairi yote manne aangalie pedi, usikubali akuambie "ziko poa" bila kufungua.

Kabla hamjafika Iringa mtapita Lugalo, pale kuna mnara. Waambie watoto ndo hapo mwaka 1891 Wahehe wa Mkwawa walilipiga jeshi la Wajerumani na kamanda wao Zelewski akafia hapo. Usiku kuleni mlale mapema.

Siku ya pili kaeni Iringa, msiende popote mbali. Asubuhi Isimila, ni kama kilomita 20 njia ya Mbeya, kuna korongo lina nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji na upepo, na zana za mawe za watu wa kale kabisa zinaonekana, na ni pa kutembea kwa miguu, watoto watapapenda kuliko unavyofikiri. Nendeni mapema kabla jua halijawa kali. Mchana Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa. Fuvu lake liko pale, Wajerumani walilichukua baada ya yeye kujiua mwaka 1898 ili wasimkamate, likarudishwa mwaka 1954 kutoka Bremen. Mjukuu wangu mkubwa ameshaanza kuuliza maswali ya historia, huyo mpeleke, usimwambie amechoka.

Siku ya tatu njooni nyumbani. Njiani kuna misonobari ya Sao Hill, ukungu Mafinga, mafuta jazeni Makambako. Wewe ukifika Makambako usishawishike kukata kushoto kwenda Njombe eti ni karibu, ni karibu kweli lakini hiyo ni safari nyingine. Igawa, Chimala, Inyala, mmefika. Chakula nitakuwa nimeweka.

Siku ya nne ndo Kitulo na hapa naomba unisikilize vizuri maana ndo roho ya safari yenyewe. Wewe umesikia maua, na ni kweli, wazee waliiita Bustani ya Mungu na haikuitwa bure. Ila maua yanafuata mvua, yanaanza kufunguka Disemba na kuendelea mpaka Aprili, na mvua hiyo hiyo inayoleta maua ndo inayoharibu barabara za huko juu. Ukienda mwezi wa nane barabara kavu kabisa ila utaona nyasi tu. Kwahiyo huwezi kupata vyote viwili kwa IST, kubali. Ile njia ya kupandia Chimala kwenda Matamba ina kona zaidi ya hamsini, usiisogelee na kagari kako. IST ibaki nyumbani kwangu, kuna kijana hapa mtaani ana Landcruiser nzima na anaipanda milima hiyo kila wiki kubeba viazi na watu, atawapitisha Isyonje mpaka juu na jioni mtarudi kulala kwangu.

Kule juu ni kama mita 2,600, kuna baridi na ukungu unaweza kufunga ghafla, watoto wavae masweta na makoti ya mvua na viatu vya kufunga, sio kandambili za Dar. Beba kitambulisho cha NIDA maana bei ya Mtanzania ni tofauti na ya mgeni, na getini hawapokei hela mkononi, weka salio kwenye simu kabisa. Mkishuka kwenye gari msiangalie mbali tu. Yale marefu ya rangi ya moto yanaonekana yenyewe, ila maua ya okidi mengi ni mafupi, yako ndani ya nyasi, mpaka uchuchumae ndo unaona kuna kaua kadogo kana madoa ndani kama kamechorwa na kalamu. Waambie watoto wasichume hata moja. Kabla haijawa hifadhi mwaka 2005 watu walikuwa wanachimba viazi vya hizo okidi magunia kwa magunia kupeleka Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko, zilikuwa zinakwisha tunaona. Mimi hiyo inaniuma mpaka leo, na ndo maana nataka wajukuu wangu wakanyage pale na wajue ni kwao.

Nyani anaitwa kipunji, yule aliyetangazwa duniani mwaka 2005, yuko misitu ya huko na Rungwe. Kumuona ni bahati, usiwaahidi watoto.

Siku ya tano na ya sita Matema. Kwa IST unafika, pitia Tukuyu kisha Kikusya na Ipinda, usipite mkato wa Masoko kama imenyesha. Ngozi iacheni, kupanda kule Disemba ni utelezi na mdogo atataka kubebwa, simameni Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, mwamba wenyewe umejijenga daraja juu ya maji, inatosha. Kutoka Kitulo mpaka ziwani mnakuwa mmeshuka zaidi ya mita elfu mbili, kwahiyo mabegi yawe na masweta na nguo nyepesi, na chandarua na dawa ya mbu, Kyela mbu hawana utani. Kuleni samaki mbasa kwa wali wa Kyela. Kama mtaangukia Jumamosi nendeni Lyulilo kwenye soko la vyungu vya akina mama wa Kikisi, mkwe wangu atapenda, ila pakieni na nguo katikati visivunjike. Kuogelea waulizeni kwanza wavuvi wa pale, karibu na midomo ya mito msiingie, kuna mamba.

Ya saba mnapanda mpaka Iringa, ya nane Dar. Ni ndefu, tokeni Matema alfajiri, na giza likiwakuta Makambako laleni Makambako, ya nane mtaanza mapema zaidi. Usiendeshe usiku mwanangu, gesti zipo kila mji, hela ya gesti kama imepungua niambie nitume.

Kamuulize bosi wako hizo siku mbili za kuongeza, alafu nipe jibu kabla ya Ijumaa maana yule kijana wa Landcruiser Disemba anachukuliwa na watu haraka, nataka nimlipe nusu kabisa. Na unitajie saizi za miguu ya watoto, pale Mwanjelwa kuna mabuti ya mvua mazuri, bei rahisi kuliko huko kwenu.

Mama yako,
Uyole