Wasomaji Wauliza: Mwenzetu wa chama akivuka mpaka

SWALI: Ndugu wahariri, mimi ni katibu wa vijana wa tawi hapa Nkuhungu, Dodoma. Kwenye grupu letu la WhatsApp wenzetu wameanza kuwaita wafuasi wa chama kingine "kupe". Sasa mmoja ameandika kwamba mama fulani asiuziwe tena maji kioski kwa kuwa mwanawe ni mpinzani, na vijana kadhaa wameweka dole. Nikikemea nitaitwa mamluki. Je, kuwasema watu wa kwetu si kuwapa wapinzani fimbo?

JIBU: Katibu, fimbo hiyo wanayo tayari. Ujumbe wa grupu hupigwa picha na kusambaa mtaani, utake usitake. Unachoweza kubadilisha ni kimoja: picha hiyo ionyeshe madole matupu, au ionyeshe pia mtu wa ndani aliyesema hapana.

Mpinzani akikemea, kundi hukaza zaidi. Anayesikilizwa ni yule aliyebandika nao mabango. Oktoba 1961, chini ya miezi miwili kabla ya Uhuru, baadhi ya wabunge wa TANU yenyewe walitaka uraia ufuate rangi ya mtu. Mwalimu Nyerere hakuwabembeleza. Aliwalinganisha na akina Hitler, akasema serikali yake itajiuzulu ikishindwa kwenye kura. Hoja yao ikaanguka. Kauli hiyohiyo ingetoka kwa gavana Mwingereza, tunadhani ingewapa nguvu.

Anza na maji, si matusi. Tusi linaweza kungoja kikao, ndoo ya lita 20 haingoji. Leo hii mfuate mwenye kioski umweleze kwamba tawi halijatoa agizo lolote. Kisha andika kwenye grupu mistari miwili inayotaja kitendo chenyewe: "Tawi halijamzuia mtu yeyote kuchota maji. Aliyeandika afute." Jina usilitaje humo, mwenyewe mfuate kwake, kabla ya kulala. Aliyeaibishwa mbele ya watu hutafuta kundi la kumtetea, ila aliyefuatwa nyumbani anaweza kufuta bila kuonekana ameshindwa. Usiandike "pande zote tupunguze maneno", maana hapo kila mtu ataona anasemwa mwingine. Wala usitangulize maovu ya wapinzani ndipo uje kwa yenu: watu wataishia kusoma nusu ya kwanza.

Suala la "kupe" lipeleke kikaoni, kwa maandishi, liingie kwenye ajenda mapema. Yanayoachiwa "mengineyo" hujadiliwa watu wakiwa wameshashika funguo za pikipiki. Omba azimio moja lenye hatua ndani yake, kwa mfano: atakayehimiza mtu anyimwe huduma kwa sababu ya siasa ataondolewa kwenye grupu. Hakikisha limeandikwa kwenye muhtasari. Tafuta wawili wa kukuunga mkono, na angalau mmoja awe mkali anayejulikana dhidi ya wapinzani. Mpole akikemea huambiwa ameogopa tu. Kama kura za maoni za kuteua wagombea wa chama zimekaribia, subiri zipite, kwa sababu msimu huo kila kauli huhesabiwa kuwa ya kambi fulani (la maji, hata hivyo, halisubiri kura ya mtu).

Wakisema ni siasa tu, wakumbushe kwamba kwa miaka mingi sheria ya uchaguzi imeruhusu mahakama kutengua ushindi wa mbunge kwa kauli za kampeni zinazochochea tofauti za kabila, rangi au dini, zikitolewa na mgombea au kwa idhini yake. Anayemnyima mama maji leo kwa sababu ya siasa hatachelewa kumnyima mwingine kwa sababu ya kabila.

Kuitwa mamluki utaitwa, hilo hatukufichi. Lakini pima unachohatarisha. Mbunge akifukuzwa chamani hupoteza kiti kwa Ibara ya 71 ya Katiba, ndiyo maana wengi wa juu hukemea kwa mafumbo. Wewe huna kiti bungeni cha kulinda.

SWALI: Tukiwabana vijana wakali watahama, na hao ndio wanaojaza mikutano. Tufanyeje? – Mwanachama, Kongwa

JIBU: Baadhi watahama kweli. Januari 1958, mkutano wa TANU Tabora ulipokubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu (kila mpigakura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu), Zuberi Mtemvu alitoka na kuanzisha chama cha Afrika kwa Waafrika peke yao. Mwaka 1962 aligombea urais dhidi ya Nyerere, akapata chini ya asilimia 3 ya kura. Hatusemi kila anayehama huishia hivyo. Tunasema kelele za mkutanoni si kipimo cha kura.

Kabla hamjawabana, angalieni kazi mliyowapa. Tawi lisilo na ratiba huwaachia vijana kazi ya kupiga kelele tu. Wagawieni mitaa ya kuhakiki majina kwenye daftari la wapigakura, wafundisheni uwakala wa kituoni mapema, wapeni orodha ya wazee wa kusafirishwa siku ya kura. Anayekataa kazi zote hizo na bado anataka kipaza sauti, huyo mwacheni ahame.