Betri Inalala Nzima, Inaamka Imekufa

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Gari langu ni dogo la petroli, la mwaka 2004, lililotumika Japani. Naliegesha saa mbili usiku, na saa kumi na mbili asubuhi nikipiga stata nasikia tik-tik tu. Nimenunua betri mbili mpya ndani ya miezi mitano. Fundi mmoja anasema betri ni feki, mwingine anataka tubadilishe alteneta. Nianzie wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pole sana, ndugu. Usinunue betri ya tatu, na alteneta (inayochaji betri injini ikiwaka) usiiguse kabla ya kupima. Anza na hesabu, maana ndiyo itakayokuonyesha unatafuta mwizi wa umeme wa ukubwa gani.

Betri ya gari kama lako huwa na ampea-saa 35 hadi 45 (ampea-saa moja ni ampea moja kwa saa moja). Ili stata ishindwe, kwa kawaida lazima kiasi cha nusu kiwe kimekwisha, tuseme ampea-saa 20. Gari lako hulala saa 10, kwa hiyo kuna kitu kinachokula kama ampea 2 mfululizo. Taa ya buti ya wati 5 hula ampea 0.4, kwa usiku mmoja ni ampea-saa 4, na betri nzima huvumilia hilo siku kadhaa. Basi ama kuna mlaji mkubwa, ama betri yenyewe imeshachoka. Hata betri mpya huchoka ikiachwa iishe kabisa mara kwa mara.

Kuyatenganisha haya mawili hakuhitaji kununua kipuri. Chaji betri ijae, iache itulie saa chache, kisha ipime: isome volti 12.6 hivi. Chomoa waya wa hasi, ukalale. Asubuhi ikisoma 12.5 au zaidi, betri ni nzima na gari ndilo linalokula. Ikishuka hadi 12.2 ilhali haijaunganishwa na chochote, betri ni mbovu. Ukikuta 10.5, seli moja imekufa (kila seli hutoa volti 2.1 hivi), na hiyo hairudi hata ukiichaji wiki nzima.

Kama gari ndilo linalokula, rudisha waya, subiri giza, funga milango, kisha nenda nyuma ukaangalie taa za breki. Magari mengi ya Japani ya umri huo yana kidude cha plastiki kwenye mkono wa pedali ya breki, ambacho hubonyeza swichi pedali ikiachiwa. Kwa uzee hupasuka na kuanguka, swichi hukosa cha kuibonyeza, na taa zinawaka hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Taa mbili za wati 21 hula ampea 3.5, kwa saa 10 ni ampea-saa 35. Inatosha kabisa kuua betri yako. Vipande vya plastiki kwenye kapeti chini ya pedali ni ushahidi tosha. Kidude chenyewe ni cha bei ndogo. Ukikikosa, boliti fupi yenye kichwa bapa, ikifungwa kwa nati kwenye tundu lile lile, inafanya kazi.

Taa zikiwa zimezima, sasa tumia mita. Fungua boneti na mlango wa dereva, sukuma kitasa cha mlango kwa bisibisi kijifunge, au kama swichi ya mlango ni kitufe kwenye fremu, kibane kibaki ndani, ili gari lidhani mlango umefungwa. Weka mita kwenye ampea 10 na uhamishe waya wake mwekundu kwenye tundu la ampea 10. Chomoa waya wa hasi wa betri, kisha iweke mita katikati: ncha moja kwenye waya, nyingine kwenye kichwa cha hasi. Usiwashe swichi hata kidogo. Stata huvuta ampea zaidi ya 100 na itaunguza fyuzi ya mita. Subiri dakika 30 vifaa vyote vilale. Ampea 0.02 hadi 0.05 ni kawaida. Zaidi ya hapo, chomoa fyuzi moja moja. Ile itakayoshusha namba ghafla ndiyo njia ya mwizi.

Angalia kwanza vilivyoongezwa baada ya kiwandani: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, amplifaya, redio. Kwenye redio nyingi za kununua, waya wa njano ni wa umeme wa kudumu na mwekundu ni wa swichi. Fundi akiufunga mwekundu pamoja na wa njano, redio inaweza isilale kamwe. Rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya feni ikiganda nayo hula sana.

Ukichomoa fyuzi zote na namba isishuke, hapo ndipo umshuku alteneta. Dayodi (kipande ndani yake kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ikifa, hurudisha umeme kupitia waya mnene. Asubuhi, kabla ya kuwasha, iguse alteneta: ikiwa na uvuguvugu wakati injini ni ya baridi, fundi wako wa pili alikuwa sahihi.

SWALI: Nikisafiri wiki tatu, nakuta gari haliwaki. Nikiwa nyumbani halina shida. Kuna hitilafu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Huenda hakuna. Ampea 0.05 ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Kwa siku 21 ni 25. Chomoa waya wa hasi kabla ya kusafiri. Kumwachia kijana wa nyumbani ufunguo aliwashe dakika tano kila wiki ni kubahatisha, kwani kwenye mzunguko mdogo wa injini alteneta hutoa kidogo, na dakika hizo hazitoshi kujaza kilichopungua wiki nzima. Kama ni lazima, aliendeshe angalau nusu saa.