“Maliza, babangu, kijiko kimoja tu”

Mmeuliza wiki hii: mtoto akikataa chakula, alazimishwe au aachwe? Mie nililazimisha miaka miwili mizima. Mwacheni.

Kifungua mimba wangu alipokuwa na miaka mitatu, kila adhuhuri nilikuwa naye mkekani, hapa Kisauni, Mombasa, na sahani ya wali na mchicha wa nazi. “Maliza, babangu, kijiko kimoja tu.” Kijiko kimoja kikazaa vingine kumi. Akifunga mdomo, namwahidi mabuyu. Akaelewa upesi kuwa mchicha ni kazi na mabuyu ndiyo mshahara. Leo ana miaka tisa, na ukimpakulia mchicha bado anauliza atapewa nini.

Kusema kweli, nilimwogopa mamamkwe kuliko nilivyoogopa njaa ya mtoto. Kwetu mashavu ya mtoto ndiyo cheti cha mama. Lakini kitabu cha kliniki kilikuwa na habari nyingine: kila akipimwa, uzito wake ulipanda sawasawa na mstari wake. Muuguzi akaniuliza, “Mama, tumbo ni lako au lake?”

Baadaye nilisoma utafiti wa Marekani wa 2006, ambao Leann Birch, mtafiti wa ulaji wa watoto, alikuwa mmoja wa waandishi wake. Watoto wadogo walipewa supu, mara wakihimizwa wamalize, mara wakiachwa. Walipoachwa ndipo walipokunywa zaidi, tena bila kununa sana.

Lakini ukiuliza kama kulazimisha kunabadilisha uzito wa mtoto, mambo si mepesi hivyo. Mwenye mtoto mwembamba ndiye hulazimisha, mwenye mtoto mnene ndiye hufungia biskuti kabatini, basi ni vigumu kujua kipi kilianza. Ila kufungia nako kuna yake. Mtoto wa dadangu kwao soda ni haramu. Akija kwetu siku ya Idi hunywa mpaka ashike tumbo, wangu wakimtazama tu.

Kwa huyu wa pili nimegawa kazi. Mimi naamua kinachopikwa na saa ya kula. Yeye anaamua ale kiasi gani, au asile kabisa. Muuza viazi karai akipita saa tano simwiti, maana hapo adhuhuri hakuna njaa tena. Bamia alizikataa sijui mara ngapi. Niliziweka tu kwenye sinia, kidogo, bila neno, mpaka siku moja akamwona kakake anakula, akanyoosha mkono.

Mamamkwe hajakubali. Ijumaa iliyopita alimfuata mjukuu wake hadi barazani na tonge la pilau, “Ham, mjukuu wangu, ham!” Mtoto akageuza uso, kashiba. Bibi akaniangalia, akaliangalia tonge, akalila mwenyewe.