Mzoa taka wa Java hajui nani ameondoka

Swali: Programu yetu ya Java huweka taarifa za kila mteja anayeingia kwenye HashMap ya static (ramani ya ufunguo na thamani inayodumu muda wote programu inapofanya kazi), ili tusiisumbue hifadhidata. Baada ya siku tatu au nne inakufa kwa OutOfMemoryError, yaani kuishiwa kumbukumbu. Nimepandisha hipu (kumbukumbu ambamo Java huweka vitu vyake) kutoka GB 2 hadi 8, na kila saa naita System.gc() ili uzoaji wa taka ufanyike. Bado inakufa. Je, mzoa taka (garbage collector, sehemu ya Java inayofuta vitu kwenye kumbukumbu) ana hitilafu?

Jibu: Hana hitilafu, ndugu yangu. Swali hili naletewa mara kwa mara, na kila mara mzoa taka ndiye anayelaumiwa. Yeye haulizi kama kitu bado unakihitaji. Anauliza kama kinafikika. Anaanzia kwenye mizizi, yaani vigeu vya static na vile vilivyo mikononi mwa nyuzi (threads) zinazofanya kazi, kisha anafuata kila rejeo (reference, kiungo cha kitu kimoja kwenda kingine) hadi mwisho. Alichokifikia hakigusi. Ramani yako imeshikwa na static, kwa hiyo kila mteja uliyemtia humo yumo hadi leo, hata kama alifunga simu yake juzi akaenda zake.

System.gc() ni ombi tu. Hata likikubaliwa, mzoa taka atapita palepale na kuviacha vitu vilevile, huku wateja wakisubiri. Na hizo GB 8 zimeahirisha tu siku ya kuanguka.

Kuna watakaokwambia ubadilishe iwe WeakHashMap, mambo yaishe. Ushauri huo unaniudhi, kwa sababu wanaoutoa hawajui kwamba kinachoshikwa kilegevu pale, yaani kwa namna isiyomzuia mzoa taka, ni ufunguo peke yake. Thamani inashikwa kwa nguvu. Thamani ikiwa na rejeo la ufunguo wake, hakitoki kitu.

Wekea ramani ukomo. LinkedHashMap ina removeEldestEntry, ya kutoa kilicho cha zamani zaidi, kwa kazi hiyohiyo. Ifunike kwa Collections.synchronizedMap, maana nyuzi nyingi zitaigusa. Lakini kwanza pima: washa programu kwa -XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError, ufungue faili lake, lenye nakala ya hipu, kwenye Eclipse MAT (programu ya kuchunguza kumbukumbu), uone nani kashika nini.

Tena msikubali mafundi wanaopanga seva izimwe na kuwashwa kila usiku wa manane. Huko ni kuficha ugonjwa, na chanzo kinabaki ndani ya msimbo. Wala si Java peke yake. Nimeukuta uvujaji huu kwenye Python, dict (ramani ya Python) imeandikwa juu kabisa ya faili, na kwenye Node.js, Map (ramani ya huko) inayojazwa kila ombi linapoingia. Kote huko RAM ilikuwa imeshaongezwa.