Wasomaji Wanauliza: Ukuta wa Mawe Unaobanduka, na Paa la Mawe

Swali: Ndugu Mhariri, nyumba ya babu yetu hapa Bagamoyo ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ilipigwa lipu ya saruji, na sasa kuanzia chini hadi kiunoni inabanduka na kutoa chumvi nyeupe. Nyumba za mawe za vijijini Uingereza, kwenye picha, hazina lipu kabisa. Tubandue tuache mawe wazi?

Jibu: Saruji bandueni, lakini mawe msiyaache wazi. Nyumba za Arlington Row, katika kijiji cha Bibury huko Uingereza, zilijengwa mwaka 1380 kuwa ghala la sufu, na karne ya 17 zikageuzwa makazi ya wafumaji. Jiwe la huko, kwenye vilima vya Cotswolds, likitoka machimboni ni laini, huchongeka, kisha hukomaa likikauka. Kwa hiyo hupangwa uso kwa uso, viungo vikawa vyembamba. Matumbawe yenu yana matundu na hayana sura. Kinachoyashika ni chokaa nyingi, pengine na udongo mwekundu. Vua lipu, masika mawili matatu yataiosha chokaa hiyo.

Kosa ni saruji, na kule pia inaleta hasara. Kuta hizi za zamani hazina tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi. Maji hupanda kutoka ardhini na kukaukia usoni mwa chokaa. Ukiziba kwa saruji hupanda juu zaidi, na chumvi hujikusanya nyuma ya lipu hadi iisukume. Uingereza, viungo vikizibwa kwa saruji, unyevu hutoka kupitia jiwe lenyewe, baridi ikaugandisha, uso wa jiwe ukamenyeka.

Anzeni na paa linalovuja na ardhi iliyopanda juu ya sakafu. Bila hayo lipu mpya ni kazi bure. Ng'oeni saruji kwa tindo na nyundo, si kwa mashine. Sugueni chumvi kwa brashi kavu, kwani maji huirudisha ukutani. Acheni ukuta ukauke miezi kadhaa. Halafu changanyeni sehemu 1 ya chokaa iliyozimwa vizuri na 3 za mchanga wa mto. Wa pwani una chumvi. Lowesheni ukuta, pigeni tabaka la sentimita 1, lifunikeni kwa magunia mabichi siku kadhaa. Likikaushwa na jua hupasuka. Tabaka la pili lingoje la kwanza likamate. Fundi atakayetaka "kuongeza saruji kidogo tu" mkatalieni. Kama nyumba imo Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ulizeni kwanza ofisi ya serikali ya Mambo ya Kale.

Swali: Naishi Tanga, na mawe ya chokaa tunayo. Naweza kuezeka kwa mawe kama Waingereza wa vijijini?

Jibu: Hapana. Vigae vyao hutoka kwenye jiwe lenye matabaka membamba; machimbo ya Stonesfield, Uingereza, yaliliacha bichi nje majira ya baridi, barafu ikalipasua. Vikubwa hukaa chini kwenye ukingo wa paa, vidogo juu, kila kimoja kikining'inizwa kwa kigingi cha mti. Jiwe hilo hunyonya maji, ndiyo maana paa huinuka nyuzi 50 hivi. Mita moja ya mraba inaweza kufika kilo 100, mzigo usiofaa kenchi zilizopimwa kwa bati. Kinachofaa kuiga ni ule ukingo wa jiwe juu ya dirisha unaotupa maji mbali na ukuta. Utokeze sentimita 5 au zaidi, na chini yake chora mfereji mdogo, la sivyo matone yatarudi ukutani.