Barua kwa mwanangu: kwa nini nyumba hunadiwa

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Picha ya tangazo la gazetini nimeipata: nyumba ya vyumba vitatu Mtwapa, itanadiwa kwa maagizo ya benki. Umeniuliza mawili kwa pumzi moja. La kwanza, kwa nini benki isitafute mnunuzi ikapatana naye kama wauzaji wengine? La pili, je, kunadiwa ni dalili kwamba nyumba ina ila? La kwanza likieleweka, la pili halitakusumbua tena.

Kunadi ni kutangaza kwa sauti ili kila aliye karibu asikie, na jibu lako limo ndani ya neno hilo. Anayeuza nyumba hii si mwenyewe. Benki ina rehani tu, yaani haki ya kuuza mali ya mtu mwingine deni lisipolipwa. Mtu akiuza chake kwa bei mbovu, hasara ni yake na hana wa kumjibu. Anayeuza cha mwenziwe atakuja kuulizwa, pengine mbele ya hakimu: ulijuaje kuwa hakuna ambaye angelipa zaidi? Mbona umemuuzia huyu na si yule? Benki iliyonadi hadharani ina la kujibu: siku ilitangazwa gazetini, mlango ulikuwa wazi, mwenye pesa yeyote aliweza kuja, na aliyetaja bei ya juu kuliko wote ndiye aliyepewa. Huo ni ushahidi ambao mapatano ya watu wawili ofisini hayawezi kuutoa.

Sheria haiifungi benki kwenye mnada peke yake. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, kifungu cha 98, inairuhusu kuuza kwa mapatano ya faragha kwa bei ya soko, au kwa mnada wa hadhara wenye bei ya chini iliyowekwa. Ukiuza faragha, ni juu yako kuonyesha kwamba bei ile ilikuwa ya soko kweli, na mkopaji aliyepoteza nyumba ana kila sababu ya kuibishia. Ndiyo maana benki nyingi huchagua nyundo ya mnada, hata pale ambapo mnunuzi wa kawaida, mwenye subira, angetoa zaidi.

Sasa bei, kwa sababu naona ndiyo iliyokuvutia. Kabla ya kuuza, kifungu cha 97 kinaitaka benki ipate mthamini akadirie thamani ya nyumba ikiuzwa kwa shinikizo, na kanuni za madalali wa mnada zinataka bei ya chini isimame juu ya uthamini usiozidi miezi 12. Tuseme sokoni nyumba ina thamani ya shilingi 12,000,000. Kwa desturi wathamini hupunguza kama robo ili kupata thamani ya shinikizo, basi utaona 9,000,000. Robo hiyo ina maana kubwa. Kifungu hicho hicho kinasema nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki inachukuliwa kuwa haikutimiza wajibu wa kutafuta bei bora, mpaka yenyewe ithibitishe vinginevyo. Kwa hivyo nyumba ya 12,000,000 ikitoka kwa 7,000,000, usishangilie haraka. Umenunua nyumba pamoja na sababu nzuri ya mtu kwenda mahakamani.

Urahisi wa bei ya mnada, basi, hautoki kwenye ila ya nyumba. Unatoka kwenye masharti. Mnunuzi wa kawaida huingia ndani, hufungua mabomba, huleta fundi wa kuangalia paa, hujadiliana, na benki yake humpa mkopo taratibu. Kwenye mnada unanunua mali kama ilivyo, mara nyingi bila kuingia ndani, kwa pesa inayotakiwa upesi, na huenda kuna familia humo isiyotaka kukuona. Wachache ndio wanaoweza kubeba hayo yote kwa pamoja, na wanunuzi wakiwa wachache bei hushuka.

Kabla nyundo haijafika, kuna safari ndefu ambayo gazeti halikuonyeshi, na ningependa uijue hatua kwa hatua kwa sababu kesi nyingi huzaliwa humo. Mkopaji lazima awe ameshindwa kulipa na hali hiyo idumu mwezi 1. Ndipo benki humpa notisi ya kwanza, chini ya kifungu cha 90, ikimweleza kosa lake ni lipi, alipe kiasi gani, na ampe muda usiopungua miezi 3. Muda ukipita bila malipo, inafuata notisi ya kuuza, chini ya kifungu cha 96, ya siku 40 kwa uchache. Hii haiendi kwa mkopaji pekee: nakala hupelekwa kwa mume au mke aliyeridhia rehani, mpangaji, mmiliki mwenza, mdhamini, na wengine wanaotajwa na kifungu hicho. Kisha dalali, ambaye hapa ni mwendesha mnada mwenye leseni chini ya Sheria ya Madalali ya 1996, humpa mwenye nyumba notisi yake ya siku 45 za kukomboa. Nazo zikiisha, mnada haufanyiki kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini. Zikifuatana zote, ni zaidi ya miezi 7 tangu mkopaji alipoanza kukosa.

Miezi hiyo si ukarimu wa benki. Ni nafasi ya mwenye nyumba, na inaniuma kuona watu wanavyoipoteza kwa kuficha barua kabatini. Kwa kipindi chote hicho anaweza kulipa na kuikomboa, anaweza kuomba deni lipangwe upya, au anaweza kutafuta mnunuzi mwenyewe, benki ikakubali, akauza kwa bei ya soko na kubaki na chenji. Haki ya kukomboa hufa nyundo ikianguka, kwa sababu papo hapo mkataba wa kuuza umeshafungwa. Dakika moja kabla, mtu akija na pesa yote, mnada unasimama.

Makosa ya notisi ndiyo yanayovuruga minada mingi. Notisi imetumwa kwa sanduku la posta la zamani. Kiasi kilichoandikwa hakilingani na hesabu za mkopo. Siku 40 hazijaisha dalali akaanza kuhesabu 45 zake. Mke hakupewa nakala, au kibaya zaidi, hakuridhia rehani tangu mwanzo, ilhali kifungu cha 79 kinasema rehani juu ya nyumba ya ndoa haisimami bila saini au ridhaa ya mwenza. Mkopaji huenda na kosa kama hilo kwa hakimu, na amri ya zuio ikatoka asubuhi ya mnada. Wewe umekwisha kuandaa hundi ya benki na kuomba ruhusa kazini, unarudi mikono mitupu. Kero hiyo heri ikupate kabla ya nyundo kuliko baada.

Na baada ya nyundo je? Hapo kifungu cha 99 kinamlinda mnunuzi: si kazi yake kuchunguza kama benki ilifuata kila notisi, na aliyedhulumiwa hudai fidia kutoka kwa benki. Ila ulinzi huo haumfuniki mnunuzi aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba pana hila au udanganyifu wa benki. Ukisikia dalali anakunong'oneza kwamba atakushikia nyumba kabla ya siku, au mnada ukafanywa mahali ambapo tangazo halikutaja, ondoka. Mnada uliofichwa haumpi mtu ushahidi wowote, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Siku yenyewe mambo huenda haraka. Unajiandikisha kwa kitambulisho na hundi ya benki ya kiasi kilichotajwa kwenye masharti, nayo unarudishiwa usiposhinda. Dalali husoma masharti kwa sauti. Yasikilize ingawa umeyasoma, kwani ndiyo mkataba wako. Kisha watu wanataja bei. Zisipofika ile bei ya chini, nyumba hairuhusiwi kutoka, na benki itatangaza upya siku nyingine. Amua kikomo chako nyumbani ukiwa mtulivu, ukiandike, na kisipande hata shilingi elfu hamsini kwa sababu ya jirani aliyevaa miwani ya jua anayekuongezea.

Tuseme umeshinda kwa 9,400,000. Matangazo mengi yanataka arubuni ya asilimia 25 nyundo ikianguka, yaani 2,350,000, na salio la 7,050,000 ndani ya siku 90. Soma tangazo lako, kwani mengine yana viwango na muda tofauti. Salio lisipofika, arubuni inapotea na nyumba inanadiwa tena. Hapa ndipo watu wazima wenye akili zao huumia: wanategemea mkopo ambao hawajauomba. Benki yako nayo itataka uthamini wake, upekuzi wake na wakili wake, na siku 90 zinayeyuka. Kama utakopa, pata kwanza barua ya ridhaa ya mkopo, halafu ndiyo uende kutaja bei.

Ongeza na ushuru wa stempu: asilimia 4 mjini, 2 mashambani. Kwa 9,400,000 ya mjini ni 376,000, lakini mthamini wa serikali akiona nyumba ina thamani ya 12,000,000 utadaiwa 480,000. Kodi ya ardhi ya kaunti iliyolimbikizwa uiulizie mapema. Kifungu cha 101 kinaitaka itoke kwenye pesa za mauzo kabla ya kitu kingine, lakini masharti ya mnada mara nyingine humtwika mnunuzi. Baada ya kodi hizo hulipwa rehani iliyotangulia ikiwapo, halafu gharama za kuuza, deni la benki, rehani zilizofuata, na kinachobaki ni cha mwenye nyumba. Nakutajia mpangilio huu ili ujue kwamba kila unachoongeza juu ya deni kinamrudia mtu aliyepoteza paa lake. Hiyo nayo ni sababu ya kunadi hadharani.

Kumwondoa aliyemo ndani ni juu yako, si juu ya dalali. Sheria inataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3 kwa anayekaa bila haki kwenye ardhi ya mtu binafsi, na akikataa, ni mahakama. Usikate maji, usibadilishe kufuli usiku. Weka gharama hiyo, na kodi ya mahali utakapokaa wakati huo, ndani ya kikomo chako.

Angalia pia tangazo lako linasema nani ameagiza. Mbali na benki, mahakama nayo hunadi ardhi ya aliyeshindwa kesi ya deni. Huko arubuni ni asilimia 25 papo hapo, salio linatakiwa ndani ya siku 15, na mauzo hayajakamilika mpaka mahakama iyathibitishe. Ni mwendo mwingine kabisa.

Ulisema rafiki yako aliyeko Tanzania anashangaa kwamba tangazo letu ni la Kiingereza kitupu. Ana haki ya kushangaa. Sheria ya madalali ya kwao inataka mnada wa ardhi utangazwe siku 14 kabla, kwa Kiswahili pia, na njia itumike ambayo hata asiyejua kusoma ataelewa. Naipenda sana kanuni hiyo. Mwenye nyumba aliyeitwa kwa lugha asiyoijua hajaitwa. Na asidhani mnada ni wa wenye madeni pekee: kule Sydney na Melbourne, watu wasiodaiwa chochote hunadi nyumba zao kwa hiari, kwa kuamini kwamba wanunuzi wakikutanishwa uso kwa uso bei hupanda.

Basi kabla ya siku ya mnada, chukua namba ya kiwanja iliyo kwenye tangazo, ufanye upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi. Jina la mmiliki lilingane na la tangazo, ukubwa wa kiwanja ulingane na ramani, na uangalie panapoandikwa rehani, tahadhari (pingamizi la anayedai haki kwenye ardhi hiyo) na amri za mahakama. Benki inayouza iwemo humo. Ikiwa kuna tahadhari iliyowekwa na mtu mwingine, mtafute wakili aijue ni ya nini. Nenda Mtwapa mchana, simama nje, waulize majirani nani anaishi humo na njia ya kuingilia ni ya nani. Ukipata karatasi ya upekuzi, nitumie picha yake kabla hujaenda benki kuchukua hundi.

Mamako akupendaye