Maswali na Majibu: Elimu Huria Mikononi mwa Mwanafunzi wa Chuo

*Mwalimu, nimepakua bila malipo kitabu kizima cha fizikia kutoka mtandaoni. Je, naweza kusema kwamba ninatumia nyenzo huria? (Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza)*

Hilo hutegemea ruhusa iliyoandikwa ndani ya kitabu chenyewe, kwa kawaida katika kurasa za mwanzo ambazo wengi wetu huzipita bila kuzitupia jicho. Jina "nyenzo huria za elimu" lilizaliwa katika mkutano wa UNESCO jijini Paris mwaka 2002, na Pendekezo lililopitishwa na nchi wanachama wa shirika hilo mwaka 2019 linaeleza kuwa ni nyenzo za kujifunzia, kufundishia na kufanyia utafiti ambazo ama ni miliki ya umma, ama mwenye hakimiliki amezitoa kwa leseni inayowaruhusu wengine kuzipata bila gharama, kuzitumia tena, kuzirekebisha na kuzisambaza. Kitabu kisicho na leseni ya namna hiyo kinaweza kutolewa bure leo na kufungwa kesho, nawe ukabaki huna haki yoyote juu yake.

Msomi David Wiley amezipanga haki hizo katika mafungu matano: kubaki na nakala yako, kuitumia, kuirekebisha, kuichanganya na nyingine, na kuwagawia wenzako. Kwa mwanafunzi, mimi naiweka ile ya kwanza mbele ya zote. Anayekodi kitabu cha kidijitali kwa muhula mmoja hupoteza, muhula ukiisha, kitabu pamoja na maelezo yote aliyoyaandika pembezoni mwa kurasa zake. Na anapofika mwaka wa tatu akalihitaji lile somo la msingi, hana pa kurejea. Aliyepata kitabu chenye leseni ya Creative Commons, shirika linalotunga leseni ambazo watunzi huzitumia kuwaruhusu wengine kutumia kazi zao, hana hofu hiyo, kwa sababu leseni hizo haziwezi kubatilishwa kwa mtu anayetimiza masharti yake, hata kama mtunzi ataacha baadaye kukitoa kitabu hicho.

*Sura moja tunayoipenda ina alama ya CC BY-NC-ND. Tunataka kuitafsiri kwa Kiswahili na kuiweka mtandaoni ili wanafunzi wote waisome. Inaruhusiwa?*

Kwa leseni hiyo, hapana. CC ni Creative Commons, shirika lililoanzishwa mwaka 2001 na kutoa leseni zake za kwanza Desemba 2002. BY humtaka mtumiaji amtaje mtunzi. SA humtaka anayebadilisha kazi aitoe kazi yake mpya kwa masharti yale yale. NC hukataza matumizi ya kibiashara. Na ND hukataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, ambapo tafsiri nayo huhesabiwa kuwa ni badiliko. Mnaloweza kufanya ni kumwandikia mtunzi mkimweleza ni sura ipi, kwa lugha gani na kwa ajili ya nani, kwa maana mwenye hakimiliki anaweza kutoa ruhusa zaidi ya ile iliyomo katika leseni. Akikataa, tafuteni mada hiyo hiyo katika kitabu chenye CC BY au CC BY-SA, na hapo mtatafsiri bila kumwomba mtu. Nawasihi msikate tamaa, maana kazi mnayoikusudia ni kubwa kuliko mnavyodhani: mwanafunzi anayelazimika kutafuta neno la Kiswahili la kila dhana hugundua haraka ni dhana ipi ambayo alikuwa ameikariri tu bila kuielewa.

*Mhadhiri wetu anasema kitu cha bure hakiwezi kuwa na ubora. Unasemaje?*

Wasiwasi wake una msingi, ila hukumu yake ni ya jumla mno. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice nchini Marekani ulioanza kutoa vitabu vyake mwaka 2012, huwatumia wataalamu wa masomo husika kuandika na kupitia miswada kabla haijatolewa, na huendelea kupokea taarifa za makosa kutoka kwa wasomaji. Zipo pia nyenzo zilizopakiwa mara moja zikaachwa. Kwa hiyo fungueni sura ya mada mnayoijua vizuri, fanyeni mazoezi mawili matatu, linganisheni majibu, kisha angalieni ni lini kitabu kilirekebishwa mara ya mwisho.

Darasa langu liliwahi kukuta, katika kitabu huria cha takwimu, jibu la varianzi (kipimo cha jinsi data zilivyotawanyika) ya sampuli ya watu 10 ambalo mwandishi alikuwa amegawanya kwa 10 badala ya 9, kinyume na kanuni ya kugawanya kwa idadi ya sampuli ukiondoa moja, aliyoieleza mwenyewe kurasa chache nyuma. Tuliwaandikia watunzi, na nakala ya mtandaoni ikasahihishwa. Aliyeligundua kosa hilo alikuwa kijana ambaye sikuwa nimeisikia sauti yake muhula mzima, na tangu siku hiyo alikuwa akisoma na kalamu mkononi.

*Intaneti ninayopata ni hafifu. Elimu huria itanisaidia nini?*

Leseni huria hukuruhusu kupakua mara moja, kunakili, kuchapisha kwenye karatasi na kumpa mwenzako kwa flashi. Programu ya Kiwix nayo hukuwezesha kusoma Wikipedia nzima bila kuunganishwa na mtandao. Tengeni siku moja ya kupakua kwa pamoja mwanzoni mwa muhula, mahali penye intaneti nzuri.

*Nikichukua mchoro kutoka kitabu huria na kuutia katika ripoti yangu, nitaambiwa nimeiba?*

Utaambiwa hivyo ukinyamaza. Taja jina la kazi, mtunzi, mahali ulipoipata na leseni yake, na kama umebadilisha kitu, sema umebadilisha nini.

*Mhadhiri anataka insha zetu ziwe kitabu huria. Tuna haki ya kukataa?*

Napenda sana mpango wa namna hiyo, kwani insha nyingi husomwa na mtu mmoja, zikapewa alama, na safari yake ikaishia hapo. Hata hivyo, kwa kawaida anayeandika insha ndiye mwenye hakimiliki yake hata akiwa mwanafunzi, ingawa ni vyema mkasoma kanuni za chuo chenu. Na kwa sababu leseni ikishatolewa hairudishwi, uamuzi haufai kufanywa kwa niaba yenu. Mwombeni mhadhiri mambo matatu: kila mmoja achague leseni mwenyewe baada ya kuelezwa maana yake, anayetaka atumie jina la kubuni, na anayekataa apewe kazi nyingine yenye uzito ule ule. Alama zitolewe kabla ya mtu yeyote kuulizwa kama anakubali, ili atakayesema hapana aseme bila woga.